Tundu Dogo Kwenye Fuvu la Mtoto: Lini Linatosha, Lini Halitoshi

Ndugu Mwenyekiti, ndugu waganga wafawidhi mliotoka wilayani, madaktari, maafisa tabibu, wauguzi, wataalamu wa dawa za usingizi na wa mionzi, wanafunzi wetu wa udaktari, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie kwenye mada.

Mada yenyewe ni damu iliyovilia ndani ya kichwa cha mtoto baada ya kuumia, na namna ya kuitoa bila kufungua fuvu kwa upana. Wazazi wanauliza, na siku hizi hata sisi waganga tunaulizana: kwa nini mtoto achanwe kichwa kuanzia sikioni hadi kwenye paji la uso, wakati kuna wanaotoboa tundu la milimita 3 tu? Ni swali la haki. Jibu lake halitokani na vifaa tulivyo navyo, wala na ujasiri wa mpasuaji. Linatokana na hali ya damu yenyewe: imeganda au imeyeyuka, imekoma au bado inavuja. Mengine yote nitakayosema hapa Dodoma leo yanafuata hapo.

Watoto hawa tunawajua. Huyu kaanguka mbuyuni akichuma ubuyu, yule kaanguka kwenye mwembe. Mwingine alipakatwa mbele kwenye bodaboda bila kofia. Mwingine kapigwa teke na punda, au kadondoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wachanga wengi wameponyoka mgongoni mwa dada zao. Namna ya ajali inasaidia kukisia uzito wa tatizo kabla ya picha. Utafiti wa PECARN, mtandao wa watafiti wa dharura za watoto, uliofanyika Marekani kwa watoto zaidi ya 42,000 na kuchapishwa mwaka 2009 ulihesabu kuwa ajali nzito ni kuanguka kutoka kimo cha zaidi ya sentimita 90 kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na zaidi ya mita 1.5 kwa mkubwa wake. Tawi la kwanza la mbuyu wa kawaida wa huku kwetu liko juu kuliko hapo.

Damu yaweza kukaa mahali patatu: kati ya mfupa na ule utando mgumu unaoitwa dura; chini ya dura, juu ya ubongo; au ndani ya nyama ya ubongo. Hiyo ya tatu naiacha leo. Kwa mtoto aliyeumia, damu ndani ya ubongo mara nyingi ni ubongo uliopondeka, na kuchomeka sindano kwenye ubongo uliopondeka ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Damu ya juu ya dura kwa mtu mzima kwa kawaida hutoka kwenye ateri inayopita ubavuni mwa kichwa, karibu na panja, iliyochanwa na mfupa uliovunjika. Kwa mtoto, mara nyingi zaidi hutoka kwenye mfupa wenyewe au kwenye vena za dura, hivyo hujikusanya polepole. Ndiyo maana njia ya tundu dogo ina nafasi kubwa kidogo kwa watoto kuliko kwa wazazi wao. Nasema kidogo, kwa sababu mtoto naye ana ateri ileile, na ikichanika haimwonei huruma kwa udogo wake. Damu ya chini ya dura hutoka kwenye vena nyembamba zinazovuka kutoka ubongo kwenda kwenye dura. Kwenye picha ya CT, ile ya juu ya dura imevimba pande zote mbili, na ya chini ya dura imepinda kama mwezi mwandamo. Hayo mnayajua, twende mbele.

Yanayosahaulika ni mambo matatu ya mwili wa mtoto. La kwanza ni mfupa. Fuvu la mtoto mchanga lina unene wa milimita 2 au 3 tu, na penye panja hupungua zaidi. Drili ikisukumwa kwa nguvu iliyozoeleka kwa mtu mzima, haitasimama kwenye dura. La pili ni utosi na mishono ya fuvu ambayo bado haijafunga. Kichwa kinatanuka, kwa hiyo mboni kupanuka na fahamu kupotea ni dalili zinazochelewa. Mtoto wa miezi 5 anaweza kuwa na damu nyingi kichwani na bado analia. Kinachotangulia ni weupe wa viganja na ulimi, mapigo ya moyo kwenda mbio, utosi kujaa, kukataa ziwa na kutapika.

La tatu ndilo linaloua kimyakimya, na ni hesabu. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo. Mchanga wa kilo 7 ana mililita 560, basi. Akipoteza 110 amepoteza moja ya tano ya damu yake. Kiasi hicho chaweza kukaa ndani ya fuvu na chini ya ngozi ya kichwa bila hata tone moja kuonekana kwenye shuka. Tulifundishwa kwamba jeraha la kichwa halishushi presha, kwamba presha ikishuka tutafute damu tumboni au kifuani. Kwa mtu mzima ni kweli. Kwa mchanga si kweli, na anayelishika somo hilo kikamilifu atapoteza muda akipima tumbo kwa ultrasaundi wakati damu iko kichwani. Kwa hiyo hakuna tundu linalotobolewa, liwe la milimita 3 au la sentimita 3, kabla kundi la damu halijajulikana na chupa haijawa tayari. Anapoihitaji, anapewa seli nyekundu mililita 10 hadi 15 kwa kilo, au damu nzima mililita 20 kwa kilo.

Sasa tupime damu iliyovilia. Njia rahisi haihitaji programu yoyote. Chagua kipande cha picha ambacho damu inaonekana kubwa kuliko vipande vingine. Pima urefu wake mkubwa kwa sentimita, kisha upana wake kwa pembe mraba, kisha hesabu vipande ambavyo damu inaonekana na uzidishe kwa unene wa kila kipande ili upate kimo. Zidisha vyote vitatu, gawa kwa mbili. Urefu 6, upana 3, vipande 8 vya milimita 5 ambavyo ni sentimita 4: sita mara tatu mara nne ni 72, nusu yake ni mililita 36.

Miongozo ya upasuaji ya mwaka 2006 inasema damu ya juu ya dura inayozidi mililita 30 itolewe, hata kama mgonjwa anaongea. Iliyo chini ya hapo, yenye unene usiofika milimita 15, ambayo haijasukuma mstari wa kati wa ubongo kwa milimita 5, na mgonjwa ana GCS, yaani kipimo cha fahamu cha 3 hadi 15, zaidi ya 8 bila udhaifu wa upande mmoja, inaweza kuangaliwa kwa karibu na picha kurudiwa. Ya chini ya dura itolewe ikizidi unene wa milimita 10, au ikiwa imesukuma mstari wa kati zaidi ya milimita 5. Namba hizi zilitokana na watu wazima. Ubongo wa mtoto wa mwaka mmoja haujafikia uzito wa ubongo wa baba yake, kwa hiyo mililita 30 kwake ni mzigo mkubwa zaidi. Mimi nazichukua kuwa mpaka wa juu, sizichukui kuwa ruhusa ya kusubiri hadi zitimie.

Tuje kwenye hali ya damu, na hapa naomba tukae kidogo.

Damu inapotoka kwenye mshipa huganda ndani ya dakika chache. Bonge la siku ya kwanza ni zito na linateleza kama ini bichi. Ukilitobolea tundu dogo na kuvuta kwa bomba la sindano, utapata mililita chache za majimaji, kisha bomba litagoma. Mpasuaji asiyejua atavuta kwa nguvu zaidi, na kwa kufanya hivyo ataibandua dura kutoka kwenye mfupa na kuanzisha mvujo mpya. Siku zinavyokwenda bonge huanza kuyeyuka. Baada ya wiki moja hadi tatu huwa limechanganyika, sehemu majimaji na sehemu mabonge. Baada ya wiki tatu, ile iliyo chini ya dura kwa kawaida ni majimaji meusi yanayofanana na oili chafu, na hiyo hutoka kwenye tundu lolote utakalolitoboa.

CT inakuonyesha hali hiyo bila kubahatisha. Damu mbichi iliyoganda ni nyeupe. Ya wiki moja hadi tatu hukaribiana rangi na ubongo, na ndiyo inayopita bila kuonekana usipotazama kama mikunjo ya ubongo imesogezwa mbali na mfupa. Ya zamani ni nyeusi kuliko ubongo. Lakini kuna picha moja ambayo nataka kila anayesoma CT hapa aikariri: bonge jeupe lenye michirizi au madoa meusi ndani yake kwa mtoto aliyeumia leo. Weusi ule hauna maana kwamba damu imeyeyuka. Ni damu ambayo bado haijaganda kwa sababu inatoka sasa hivi. Anayekosea hapo ataona majimaji na kufurahi kwamba sindano inatosha, kumbe anaichomeka kwenye mvujo ulio hai. Mtoto huyo anahitaji mfupa ufunguliwe na mshipa uonekane.

Sasa njia zenyewe, kuanzia iliyo rahisi.

Kwa mchanga ambaye utosi wake bado uko wazi na damu ya chini ya dura imeyeyuka, hatuhitaji hata drili. Nywele za eneo la utosi zinanyolewa, ngozi inasafishwa, mtoto anashikwa vizuri na msaidizi, uso juu. Sindano fupi ya namba 20 hadi 22 inaingizwa kwenye kona ya pembeni ya utosi wa mbele, si chini ya sentimita 2 hadi 3 kutoka mstari wa kati, kwa sababu pale katikati unapita mfereji mkuu wa vena. Ngozi inavutwa kidogo pembeni kabla ya kuchoma ili tundu la ngozi na la dura yasilingane, vinginevyo majimaji yataendelea kuchuruzika kwa siku kadhaa na kuingiza vijidudu. Dura inapopenywa unasikia kuachia kidogo. Hapo husogei mbele tena. Usivute. Acha majimaji yadondoke yenyewe, na uishie kwenye mililita 15 hadi 20 kwa kila upande kwa mara moja. Ubongo uliosukumwa kwa wiki kadhaa haupendi kuachiwa ghafla, vena zinachanika upya. Yakirudi baada ya kutolewa mara chache, acha kuchoma. Mtoto huyo anahitaji tundu lenye dreni, yaani mpira wa kutolea majimaji nje, au mpira wa kupeleka majimaji tumboni ambao baadaye hutolewa.

Njia ya pili ni tundu la drili lenye dreni, kwa mtoto mwenye damu ya chini ya dura iliyoyeyuka lakini utosi umefunga. Tundu la sentimita moja au zaidi kidogo linatobolewa mahali penye unene mkubwa wa damu, dura inachanwa kwa msalaba, majimaji yanatoka, kisha tunaosha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyopashwa hadi joto la mwili. Maji ya baridi kwa mtoto wa kilo 8 yanashusha joto lake, na mtoto aliyepoa damu yake haigandi vizuri. Kabla ya kufunga, nafasi hujazwa maji ili hewa itoke, na mpira laini unaachwa ndani kwa saa 24 hadi 48. Umuhimu wa mpira huo ulionekana kwenye utafiti wa Cambridge uliochapishwa mwaka 2009 kwa watu wazima: waliowekewa dreni, damu ilirudi kwa asilimia 9.3; wasiowekewa, asilimia 24. Walikuwa watu wazima, lakini sioni sababu ya kumnyima mtoto dreni.

Ya tatu ndiyo ile ya milimita 3 inayozungumzwa sana. Imeenea China, ambako wanatumia sindano ngumu ya chuma iitwayo YL-1, yenye kipenyo cha milimita 3, inayofungwa kwenye drili ya umeme na kubaki imesimama kwenye mfupa. Damu ya juu ya dura ya mtoto aliyetulia inavutwa kidogo kidogo, kisha dawa ya kuyeyusha bonge, urokinasi, inaingizwa ikiwa imechanganywa na mililita chache za maji ya chumvi. Sindano inafungwa kwa saa 2 hadi 4, inafunguliwa, bonge lililoyeyuka linatoka. Kazi hiyo inarudiwa kwa siku mbili, tatu, nne, na CT katikati.

Ukiieleza hivyo inaonekana nyepesi, basi tuitazame kwa undani. Mahali pa kutoboa panachaguliwa kwa CT: stika ya ECG inabandikwa kichwani, picha inapigwa tena kwa vipande vichache, na unapima kutoka kwenye ngozi hadi katikati ya bonge. Drili inawekewa kizuizi kulingana na unene wa mfupa uliopimwa pale pale, usitumie kipimo cha kitabuni. Epuka mstari wa mfupa uliovunjika, kwa sababu kipande kinaweza kuzama. Epuka njia ya ateri ya dura penye panja. Epuka mstari wa kati, na mstari unaotoka kwenye kinundu cha kisogo kwenda nyuma ya sikio, maana chini yake kuna mfereji mwingine wa vena. Drili isimame wima kwenye mfupa, ikilala, inateleza. Ganzi ya lignokeini bila adrenalini isizidi miligramu 3 kwa kilo, ambayo kwa mtoto wa kilo 10 na dawa ya asilimia 1 ni mililita 3 tu. Lakini mtoto mdogo hatatulia kwa ganzi peke yake, kwa hiyo nusu kaputi iwe tayari. Akitikisa kichwa drili ikiwa ndani, umetoboa zaidi ya ulivyokusudia. Na kile kifaa cha misumari cha kushikia kichwa hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2 au 3, kinatoboa fuvu. Kichwa kilazwe kwenye mto wa umbo la kwato.

Kisha kuna dawa yenyewe. Urokinasi haichagui: inayeyusha bonge unalotaka litoke na kizibo kilichoziba mshipa. Ikiingizwa kabla mvujo haujakoma, unaufungua upya, na ukiwa na tundu la milimita 3 huna mahali pa kupitisha koteri, kifaa cha kuchoma mshipa unaovuja. Wanaoifanya vizuri wana CT usiku na mchana hatua chache kutoka wodini, na timu ya kufungua fuvu iko tayari saa ileile. Asiye na viwili hivyo asianze. Na urokinasi haimo kwenye kabati la kila hospitali, hilo nalo tuliseme.

Endoskopu nitaigusa tu. Dirisha la mfupa la sentimita 2 au 3, kamera ngumu, bomba la kunyonyea na koteri vinaingia pamoja, unaona bonge na unaona mshipa. Ni njia nzuri mikononi mwa aliyeizoea, na ni njia ya kupoteza muda kwa asiyeizoea.

Ipo ya tano, ambayo watu hawaihesabu kuwa upasuaji mdogo kwa sababu haina kifaa cha kuvutia: dirisha la sentimita 3 hadi 4 lililofunguliwa kwa vifaa vya kawaida, juu ya bonge, kwa mkato ulionyooka. Bonge linatolewa kwa kijiko na maji, mshipa unachomwa kwa koteri, mfupa unaovuja unazibwa kwa nta, na dura inashonwa kuzunguka ukingo wa mfupa ili nafasi isibaki wazi kujaa tena. Mfupa unarudishwa. Kwa damu mbichi ya juu ya dura hapa kanda ya kati, naona hii ndiyo njia. Kovu lake ni urefu wa kidole, na mpasuaji anaondoka mezani akijua damu imekoma. Wenye sindano wanasubiri CT ya kesho kulijua hilo.

Wapo ambao hata dirisha dogo haliwahusu. Mtoto ambaye mboni moja imepanuka na haijibu mwanga. Damu iliyo kisogoni chini, ambako shina la ubongo liko karibu, na njia ya maji ya ubongo inazibwa upesi. Huyo anaongea saa nne na saa tano hapumui. Damu nyembamba ya chini ya dura yenye ubongo uliovimba chini yake, ambapo tatizo ni uvimbe na si damu. Damu juu ya mfereji wa vena uliochanika. Na mtoto ambaye damu yake haigandi: mwenye hemofilia, au mchanga wa wiki chache ambaye hakupata sindano ya vitamini K ya miligramu 1 alipozaliwa. Huyo wa mwisho hupewa vitamini K na plazma kwanza, na mara nyingine hakuumia kabisa, damu ilivuja yenyewe. Muulize mama alizalia wapi.

Ndugu zangu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, ninyi ndio mnaompokea kwanza. Kutoka Mpwapwa hadi hapa ni kilomita 120 hivi, Kondoa zaidi ya 150, Singida karibu 240. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama 450. Mwaka 1981 ilichapishwa Marekani taarifa ya wagonjwa 82 wazima wenye damu mbichi ya chini ya dura: waliopasuliwa ndani ya saa 4 walikufa asilimia 30, waliochelewa zaidi ya hapo asilimia 90. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyepoteza fahamu anayepelekwa Dar wakati fuvu lingeweza kufunguliwa Dodoma amepelekwa mbali mno.

Kabla gari halijaondoka: oksijeni, isishuke chini ya asilimia 90 hata dakika moja, presha ya juu isiwe chini ya 70 ukijumlisha umri mara mbili, yaani 80 kwa mtoto wa miaka 5, kichwa kiinuliwe nyuzi 30 kikiwa kimenyooka, shingo ishikiliwe. GCS ikiwa 8 au chini, awekewe mpira wa hewa na aliye na uzoefu, kama yupo. Dripu iwe ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Dekstrosi ya asilimia 5 peke yake inavimbisha ubongo. Mchanga anayehitaji sukari apewe sukari ndani ya maji ya chumvi. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, ndani ya saa 3 tangu ajali, miligramu 15 kwa kilo kwa dakika 10, isizidi gramu 1. Kwa mtoto wa kilo 12 ni miligramu 180, ambazo kwenye ampuli ya miligramu 500 ndani ya mililita 5 ni mililita 1.8. Manitoli, ya kupunguza uvimbe wa ubongo, si dawa ya safari ya kila mtoto. Ni ya yule ambaye mboni imepanuka au fahamu inashuka mbele ya macho yako, na presha yake ni nzuri: gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo. Kwa mtoto aliyepauka inamalizia kumkausha. Huyo mpe maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 2 hadi 5 kwa kilo, kama yapo. Usipige sindano ya uti wa mgongo kwa kudhani ni homa ya uti wa mgongo. Na fomu ya polisi ya PF3 itafuata baadaye, matibabu hayaisubiri.

Kwenye barua ya rufaa andika saa. "Fahamu imeshuka" hainisaidii. "Saa 8:10 mchana GCS 13, saa 9:40 GCS 9, mboni ya kulia milimita 5" inaniambia kama nimsubirishe CT au nimpeleke moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Baada ya upasuaji, saa 24 za kwanza ndizo za damu kurudi. Muuguzi apime fahamu na mboni kila saa, na wingi wa damu upimwe tena jioni ileile. Mfuko wa dreni ukae usawa uliopangwa na mpasuaji, na ufungwe kila mtoto anapoinuliwa au kubebwa, kwa sababu mama akimpakata huku mfuko ukining'inia chini ya kitanda, maji yanavutwa kwa wingi kwa dakika tano tu. Watoto huchomoa mipira. Mikono ifungwe soksi au kitambaa, na mpira ushonwe kwenye ngozi mahali pawili. Dreni iliyokaa hadi siku ya nne au ya tano bila sababu ni mlango wa vijidudu. Ikiwa damu nyekundu mpya inatoka, usiifunge dreni ukidhani umezuia, mwite mpasuaji. Dawa ya kuzuia degedege, ikiwa ilianzishwa kama kinga, huachwa baada ya siku 7 kama degedege haijatokea.

Neno moja ambalo halipendezi. Mchanga mwenye damu chini ya dura pande zote mbili, ya umri tofauti kwenye picha, na maelezo ya ajali yanayobadilika kila mnapouliza, huenda alitikiswa au kupigwa. Macho yapimwe ndani na picha za mifupa zipigwe. Ustawi wa jamii waitwe kabla hajaruhusiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa. Ukimtoa damu vizuri na kumrudisha nyumba ileile bila mtu kuuliza, atarudi.

Anaporuhusiwa, mchanga apimwe mzingo wa kichwa kwa futi kamba na uandikwe kwenye kadi ya kliniki. Hapo kazi inarudi kwenu wa zahanati. Katika miezi 3 ya kwanza kichwa hukua kama sentimita 2 kwa mwezi, kutoka miezi 3 hadi 6 sentimita 1, kisha nusu sentimita hadi mwaka utimie. Kikizidi hapo, au utosi ukijaa mtoto akiwa amekaa na ametulia, majimaji yamerudi, na hamhitaji kusubiri tarehe ya kliniki yake. Mpigieni simu mpasuaji siku hiyohiyo.

Nashukuru. Maswali yaanze na wenzetu wa Kondoa na Mpwapwa, wana safari.